Tunaigonga volkano kama chungu sokoni

Mama akienda sokoni kununua chungu hachagui kwa macho tu, anakigonga kwanza na kidole, kikilia vizuri anachukua, kikitoa sauti butu anakirudisha maana kina ufa hata kama hauonekani. Sisi wapima mitetemo kazi yetu ndo hiyohiyo, ila chungu chetu kina mita 3,470 kwenda juu na kinaitwa Nyiragongo, volkano ya mashariki mwa Kongo, na mji wa Goma umekaa miguuni pake. Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji mpaka ikaingia Ziwa Kivu.

Mawimbi ya tetemeko yanakimbia kwenye mwamba mgumu, yakikuta nyufa au mwamba ulioanza kuyeyuka yanapunguza mwendo. Kuna wimbi la P, linasukuma na kuvuta, na la S linalotikisa pembeni. La S halipiti kwenye kimiminika, kwa hiyo likifika limedhoofika upande mmoja tu tunajiuliza hapo katikati kuna nini.

Sasa matetemeko hayaji kwa ratiba, huwezi kukaa unayasubiri. Hapo bahari inatusaidia, mawimbi yake yanaacha mngurumo mdogo ardhini usiku na mchana hata mbali na pwani, tunachukua rekodi za vituo viwili, tunazilinganisha kwenye kompyuta, tunajua mtetemo unatumia muda gani kutoka kimoja hadi kingine, alafu tunarudia siku hadi siku. Kisiwani Réunion, kwenye volkano ya Piton de la Fournaise, watafiti walionyesha mwaka 2008 kwamba mwendo wa mawimbi ulikuwa unapungua kabla ya milipuko, kwa kama asilimia 0.1 au chini ya hapo. Yaani unatembea dakika 17 mpaka stendi, siku hiyo umechelewa sekunde moja. Na mvua nayo inabadilisha mwendo, maji yakishuka kwenye mwamba grafu inacheza, ndo maana usipopima mvua utatisha watu bure.

Kuna wanaosema vyombo vilishindwa mwaka 2021, na hili naomba tulielewe vizuri. Jumamosi jioni ya 22 Mei Nyiragongo ilipasuka bila zile dalili za siku nyingi tulizozoea, na maelezo waliyotoa watafiti baadaye ni kwamba magma, yaani mwamba ulioyeyuka ambao bado haujatoka nje, ilikuwa tayari iko juu ndani ya mlima, ubavu ulipopasuka ikamwagika tu. Lakini siku zilizofuata mitetemo ilisogea kusini, chini ya Goma kwenyewe kuelekea ziwani, na huko ndo ilionyesha magma inajipenyeza chini ya nyumba za watu. Tarehe 27 Mei sehemu ya mji ikaamriwa kuhama, barabara ya Sake ikajaa watu na magodoro. Magma haikutoka pale, ila kungekuwa hakuna vipimo nani angejua iko wapi?

Ndo maana naumia nikikuta kituo kimeng'olewa paneli ya sola. Siku hiyo na zinazofuata rekodi inakuwa tupu, na ile sekunde moja huwezi kuiona kama hujui jana ilikuwaje. Kwa hiyo ukikuta kisanduku chetu shambani, na waya umezama ardhini, kiache hapo. Hata ukipita na pikipiki tunakuona, mstari wa rekodi unanenepa kidogo alafu unatulia.