Habilitesheni si udaktari wa pili

Habilitesheni ni idhini ambayo kitivo cha chuo kikuu cha Ujerumani humpa mtu mwenye shahada ya uzamivu ili afundishe, kwa mamlaka yake mwenyewe, somo lililotajwa kwa jina. Asili yake ni Kilatini, habilis, yaani anayefaa.

Kinachoniudhi ni kuona ikiitwa "PhD ya pili", au mwenye nayo akipongezwa kwa kupata uprofesa. Udaktari, yaani PhD, ni shahada, ukishatunukiwa ni wako popote uendapo. Habilitesheni hufungwa kwenye somo. Chukua historia na nadharia ya usanifu majengo wa kisasa wa Kijerumani. Mtu kaandika tasnifu ya udaktari kuhusu Hufeisensiedlung, mtaa wa nyumba uliosanifiwa na Bruno Taut na Martin Wagner mjini Berlin, ulioanza kujengwa 1925. Kwenye habilitesheni hatarajiwi kurudi hapohapo. Atahamia, tuseme, kwa msanifu majengo Gottfried Semper na nadharia zake za karne ya 19, aandike kitabu kingine kizima, mara nyingi kwa miaka kadhaa, akiwa na mkataba wa muda tu. Kisha kwa kawaida hupeleka mada tatu, kitivo kikachagua moja, naye akaitolea mhadhara na kuhojiwa na maprofesa.

Akifaulu huitwa Privatdozent, PD mbele ya jina. Cheo hicho peke yake hakina mshahara. Ili asikipoteze hubidi aendelee kufundisha, mara nyingi bure, akisubiri kiti cha uprofesa kitangazwe, tena aghalabu katika chuo kingine, maana vyuo vya huko huepuka kuwapa viti watu wao wenyewe. Naona ni dhuluma, hasa kwa mtu mwenye watoto.

Nikolaus Pevsner, mwanahistoria mashuhuri wa usanifu majengo, alipata udaktari Leipzig 1924, akawa Privatdozent huko Göttingen 1929. Mwaka 1933 Wanazi walimwondoa kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi. Uprofesa aliupatia Uingereza.

Tangu 2002 ipo pia njia ya uprofesa mdogo, isiyolazimisha habilitesheni, ingawa katika fani za sanaa na historia bado wengi huipitia.

Basi ndugu zangu, mkimpongeza mwenzetu aliyepata PD, andikeni kwamba ameidhinishwa kufundisha somo lake, tuseme historia ya usanifu majengo. Neno profesa lisubiri barua ya uteuzi.