Kuacha kituo na kujitegemea mtandaoni: yanayosemwa na yalivyo

Mtangazaji maarufu akiaga hewani, iwe Dar es Salaam au Nairobi, maoni huwa yale yale: sasa atakula jasho lake mwenyewe. Wapo waliofika mbali kweli, na ninawaheshimu. Ninaowaonea huruma ni vijana wa redio na televisheni wanaotaka kuwafuata huku wakiamini mambo ambayo hayapo.

"Kipindi ni changu, nitahama nacho."

Nianze na hili kwa sababu ndilo linaloumiza watu zaidi. Sheria za hakimiliki za Kenya na Tanzania zinampa mwajiri umiliki wa kazi iliyofanywa na mwajiriwa katika ajira yake, isipokuwa mkataba umesema vingine. Mahojiano yote yaliyoko maktaba ni ya kituo. Jina la kipindi na mlio wa kukifungulia navyo kwa kawaida hubaki huko. Hata ukurasa wa Facebook wenye wafuasi laki mbili, kama ulifunguliwa kwa jina la kipindi, usitegemee kuondoka nao. Unachobeba ni sauti yako, uso wako, na namba za simu za watu wanaokuamini. Ndugu zangu, kabla ya kuandika barua ya kujiuzulu, usomeni mkataba upya, hasa kama una kifungu cha kukuzuia kufanya kazi ya aina hiyo hiyo kwa muda fulani baada ya kuondoka.

"Wasikilizaji watanifuata."

Baadhi yao. Abiria wa daladala alikukuta kwa sababu dereva alifungua stesheni ile tangu alfajiri. Mtandaoni lazima akutafute mwenyewe, tena kwa bando lake. Mama anayekaanga vitumbua huku redio ya betri iko pembeni anakupenda sana, ila YouTube hatakuja.

"Video ikitazamwa sana, hela inaingia."

YouTube haikugawii mapato ya matangazo mpaka ufikishe wafuatiliaji 1,000, na juu ya hao ama saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video zako fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Ukishakubaliwa, unapata asilimia 55 ya mapato ya matangazo kwenye video ndefu na 45 kwenye fupi, na hulipwi mpaka salio lifike dola 100. Mtazamaji alipo nako kuna uzito: tangazo linalotazamwa Toronto hulipiwa vizuri kuliko linalotazamwa Mwanza. Halafu kuna kodi. Pato linalotokana na watazamaji wa Marekani hukatwa asilimia 30 kwa mtu wa nchi isiyo na mkataba wa kodi na Marekani, na Kenya na Tanzania hazina. Kenya nayo, kwa Sheria ya Fedha ya 2023, iliweka kodi ya zuio, yaani inayokatwa kabla pesa haijakufikia, ya asilimia 5 kwa mapato ya maudhui ya kidijitali.

Ndiyo maana wengi wanaoimudu kazi hii hutegemea wadhamini. Kituoni palikuwa na idara ya mauzo. Sasa ni wewe unayeandika barua kwa kampuni, unayebembeleza bei, na unayepiga simu wiki baada ya wiki kufuatilia ankara ambayo haijalipwa.

"Muziki nilikuwa napiga redioni, nitaendelea."

Mirabaha, yaani malipo ya wenye nyimbo, ilishughulikiwa na kituo, wewe hukuiona. Huku ni tofauti. Uko kijiweni unamhoji fundi viatu, bodaboda inapita na spika, wimbo unasikika kwa sekunde kadhaa nyuma ya sauti yake. Ukipandisha video, mtambo wa YouTube unautambua wimbo, na mwenye wimbo anaweza kudai mapato ya video nzima. Mhariri makini hukata kipande kile au hurekodi upya. Na onyo la hakimiliki, yaani adhabu ya YouTube kwa kutumia kazi ya mtu bila ruhusa, ni jambo zito zaidi ya dai: ukipata maonyo matatu ndani ya siku 90, chaneli inaweza kufungwa.

"Nitakuwa huru kusema lolote."

Tanzania imekuwa na kanuni za maudhui ya mtandaoni tangu 2018, chini ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na anayerusha habari anahitaji leseni. Ukishtakiwa kwa kashfa, wakili unamlipa mwenyewe. Mhariri aliyekukera kwa kukurudishia taarifa, "hii imethibitishwa na nani?", alikuwa anakukinga.

"Lazima kwanza uache kazi."

Si lazima. Millard Ayo alijenga tovuti yake akiwa bado mtangazaji wa Clouds FM. Alex Chamwada, aliyewahi kuwa Citizen TV, hakugeuka mtu wa kamera ya simu peke yake chumbani. Alianzisha kampuni, Chams Media, inayotengeneza Daring Abroad, kipindi kuhusu Wakenya walioko ughaibuni, na kazi yake ikaendelea kuonekana kwenye televisheni. Anayefikiria kuondoka mwakani anaweza kuanza wiki hii: afungue chaneli kwa jina lake mwenyewe, si la kipindi, na aombe ruhusa ya mwajiri kwa maandishi.