Umeme Unapepesa Kisha Unazima: Yanayofanyika Laini Kongwe Inapokarabatiwa

Wengi mmeliona hili. Mvua inaanza, taa zinazima, baada ya sekunde chache zinawaka, zinazima tena, zinawaka, kisha giza moja kwa moja. Mtaani watu husema "wanatuchezea". Hakuna anayecheza. Kwenye laini ya msongo (volti) wa kati kuna swichi inayojiendesha yenyewe, mafundi wanaiita rikloza. Ikihisi hitilafu inakata, inasubiri kidogo, kisha inajaribu kurudisha. Hitilafu nyingi za laini za juu ni za kupita tu: tawi limegusa waya likadondoka, ndege ametua pabaya, radi imepiga. Hizo jaribio la kwanza au la pili huzimaliza. Umeme ukigoma kabisa, basi kuna kitu kimebaki palepale: nguzo imelala, waya umekatika, kikombe (kile kinachoshikilia waya na kuzuia umeme usipite kwenye nguzo) kimepasuka. Hapo lazima mafundi wapande gari wakatafute, na kwa laini ya makumi ya kilomita usiku wa mvua, kazi hiyo haina njia ya mkato.

Laini ikizeeka, hitilafu za aina hii ya pili ndizo zinazoongezeka. Ukarabati unalenga hizo.

Tuanze na nguzo. Nguzo ya mti, hapa Tanzania mara nyingi mkaratusi wa nyanda za juu kusini, haianzi kuoza kule juu mnakokuona. Huanza shinani, pale inapoingia ardhini, kwa kuwa hapo unyevu na hewa hukutana, na fangasi na mchwa hupata makazi. Fundi huigonga kwa nyundo na kusikiliza. Iliyo nzima hutoa mlio mkavu. Iliyooza ndani hulia kama ngoma. Kisha hufukua kidogo na kuchokoa kwa bisibisi. Nimeona nguzo zilizobaki ganda tupu, zimesimama kwa sababu tu nyaya za nguzo jirani zimezishikilia. Upepo mmoja ukija, inaanguka na kuzivuta wenzake. Ndiyo maana sehemu zenye maji na kwenye kona za laini siku hizi huwekwa nguzo za zege.

Pwani kuna adui mwingine: chumvi. Kiangazi kizima upepo wa bahari hupaka vikombe chumvi na vumbi. Vikiwa vikavu havina neno. Yakija manyunyu ya kwanza, au umande wa alfajiri, ule utando hulowa na kuanza kupitisha umeme. Cheche hutambaa juu ya kikombe, na mara nyingine nguzo ya mti huungua kichwani. Mvua kubwa, tofauti na wengi wanavyodhani, huviosha. Dawa ni kuviosha kabla ya msimu, au kuweka vya silikoni, ambavyo maji hukaa matone matone juu yake badala ya kutandaa.

Waya nao una umri wake. Maungio yaliyolegea hupata moto, na kamera ya joto huyaonyesha kabla hayajakatika. Wakati mwingine, hata hivyo, waya ni mzima ila mzigo umeukulia. Hapo hupandishwa msongo. Nguvu ile ile ikisafirishwa kwa kilovolti 33 badala ya 11, mkondo hushuka hadi theluthi, na upotevu wa joto kwenye waya hushuka hadi sehemu moja ya tisa. Vikombe na transfoma lazima vibadilishwe, kwa hiyo gharama si ndogo.

Lakini kwa maoni yangu, laini mpya inayotegemea njia moja bado ni nusu ya kazi. Unguja ilitegemea kebo moja ya chini ya bahari kutoka bara tangu 1980. Hitilafu ilipotokea Desemba 2009, kisiwa kilikosa umeme wa gridi kwa takriban miezi mitatu. Mwaka 2013 ikazinduliwa kebo nyingine yenye uwezo wa megawati 100, kwa fedha za shirika la Marekani la Millennium Challenge Corporation. Hata laini ya wilaya inahitaji mlango wa pili: iunganishwe na kituo kingine cha kupoza umeme, na igawanywe kwa swichi ili kipande kibovu kitengwe na kwingine kuendelee kuwaka.

Kazi hizi hudai laini izimwe, nanyi hutangaziwa saa. Chukulieni laini kuwa ina umeme muda wote huo. Inaweza kurudishwa kabla ya saa iliyotangazwa. Na mwenye jenereta, usiichomeke kwenye soketi ya nyumba bila swichi ya kubadilishia, ile inayoitenga nyumba na laini ya mtaani. Umeme wako utatoka kupitia mita hadi transfoma ya mtaani, na transfoma itaupandisha kutoka volti 400 hadi maelfu ya volti kwenye waya ambao fundi ameushika. Fundi hufunga nyaya za kupeleka umeme ardhini pande zote mbili za anapofanyia kazi kwa sababu hiyo hiyo, ila usimwachie yeye peke yake jukumu hilo. Mwite fundi mwenye leseni akufungie swichi hiyo kabla ya katizo lijalo.