Simba wa Witu na forodha ya Lamu: Wajerumani na Waingereza walivyogombea bandari, 1885–1890

Wageni wengi wanaopita Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa kale wa Lamu, husimama mbele ya nyumba iliyokuwa posta ya Wajerumani na kuuliza swali lile lile: Wajerumani walifuata nini huku? Koloni lao si lilikuwa Tanganyika? Swali ni la haki. Posta hiyo ilifunguliwa Novemba 1888 na kufungwa Machi 1891, na katika muda huo mfupi Berlin na London zilivutana juu ya kisiwa hiki kidogo mpaka shauri likapelekwa Brussels kuamuliwa.

Ili kulijibu, inatubidi tuondoke kisiwani twende bara, hadi Witu. Huko ndiko walikohamia Wanabahani, ukoo uliotawala kisiwa jirani cha Pate, baada ya kushindwa kwao na majeshi ya masultani wa Zanzibar. Mapema miaka ya 1860 kiongozi wao, Ahmed bin Fumo Luti, aliyejulikana kwa jina la Simba, alijichimbia katika mji uliozungukwa na msitu mnene, ambako askari wa Zanzibar hawakuweza kumfikia kwa urahisi. Msitu huo ukawa kimbilio. Watumwa waliotoroka mashamba ya Lamu na ya mwambao wa bara walikwenda kwa Simba, wakapata ardhi na silaha, wakawa watu wake.

Kwa wenye mashamba wa Lamu, Simba alikuwa adui wa kila siku, kwa sababu watu wa Witu waliwavamia na kuwapora. Nalisema hili wazi kwa kuwa siku hizi tunapenda kumchora Simba kama shujaa asiye na doa. Alikuwa mtawala wa zama zake, mwenye maadui na mwenye hesabu zake. Adui mkubwa alikuwa Sultani wa Zanzibar, na hesabu yake ilikuwa kupata dola kubwa itakayomkinga. Tangu mwaka 1867, alipotembelewa na msafiri Mjerumani Richard Brenner, alikuwa amekwisha kuomba ulinzi wa Prussia, dola kubwa ya Wajerumani wakati huo. Wakati huo hakuna aliyemjali.

Miaka kumi na minane baadaye mambo yalikuwa yamebadilika. Carl Peters, Mjerumani mtafuta makoloni, alikuwa amerudi Berlin na mikataba yake ya Usagara na jirani zake, katika bara la Tanganyika, na Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikaipa himaya. Ndugu wawili wa Kijerumani, Clemens na Gustav Denhardt, walikuwa wanaujua Mto Tana tangu safari yao ya 1878. Aprili 1885 wakafunga mkataba na Simba: yeye akawauzia ardhi, wao wakamletea bendera. Mwezi Mei Ujerumani ikatangaza Witu kuwa chini ya himaya yake. Sultani Barghash, aliyekuwa amekwisha kutuma askari kwenda kumkabili Simba, alipinga vikali. Agosti mwaka huo manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri lake Zanzibar, naye akalazimika kukubali.

Sasa ndipo Lamu inapoingia. Witu ilikuwa na mashamba, msitu na watu, lakini haikuwa na bandari ya maana. Mlango wa Tana una fungu la mchanga na mawimbi makali, na Kipini, kwenye mlango wa mto Ozi, ilifaa vyombo vidogo tu. Mkondo wenye kina na utulivu ni ule ulio baina ya Lamu na Manda, mahali ambapo majahazi ya Arabuni yalizoea kungoja pepo na kupakia boriti, na ambapo meli za moshi za Kiingereza zilikuwa zikipita. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1886 uliukata mwambao vipande: ukanda wa maili kumi hadi Kipini ukabaki kwa Sultani, na kaskazini akaachiwa miji kama Lamu, Kismayu, Barawa, Marka na Mogadishu. Pwani iliyokuwa baina ya Kipini na ncha ya kaskazini ya ghuba ya Manda ikatambuliwa kuwa ya Witu. Kwa hiyo Witu ya Wajerumani ilipata pwani, na Lamu, iliyo mbele ya pwani hiyo hiyo, ikabaki ya Zanzibar. Mzigo uliotoka Witu kwenda ng'ambo ulipitia forodha ya mtu mwingine. Aliyeishika forodha hiyo ndiye aliyeamua kama himaya ya Witu ingekuwa na faida au ingekuwa mzigo.

Tena palikuwa na ndoto ya Tana. Ramani za wakati ule ziliwafanya watu wa Ulaya waamini kwamba mto huo ungekuwa njia ya kuingilia bara, mpaka kwenye maziwa makuu na Uganda. Mwaka 1889 Peters mwenyewe alikwepa meli za Kiingereza zilizokuwa zikilinda mwambao, akashuka kaskazini ya Lamu, akapita Witu na kupanda na Tana, akafika Buganda mwaka uliofuata na kufunga mkataba na Kabaka Mwanga. Waingereza walikuwa na sababu ya kuhofu.

Upande wao alikuwapo William Mackinnon, mwenye meli za British India, ambaye Kampuni yake ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilipewa hati ya kifalme Septemba 1888. Alitaka kukodishiwa forodha ya Lamu. Kampuni ya Wajerumani ya Witu nayo ilitaka hiyo hiyo. Kila upande ukadai kwamba Sultani alikuwa amekwisha kuwaahidi wao. Posta ya Usita wa Mui ifahamike ndani ya mvutano huo: nchi ikiwa na stempu zake, mhuri wake na mtu wake anayepokea barua mjini, hukumbusha kila mpita njia kwamba nayo ipo.

Serikali hizo mbili zikakubaliana kumpelekea Baron Lambermont, waziri wa dola wa Ubelgiji, shauri hilo aliamue. Hukumu yake ya Agosti 1889 inastahili kusomwa na kila anayejifunza sheria za kimataifa, kwa jinsi ilivyo kavu na ya makini. Wajerumani walitegemea ahadi za Sultani Barghash na maneno yaliyopita katika mazungumzo. Lambermont akaona kwamba nia njema na mazungumzo havizai haki ya kipekee, lazima pawe na makubaliano yenye masharti yanayoeleweka. Kisha akawageuzia Waingereza kipimo hicho hicho. Nao pia, akasema, walikuwa na pendekezo ambalo halijawa mkataba kamili. Kwa hiyo hakuna aliyethibitisha haki yake, na Sultani alikuwa huru kumpa amtakaye.

Kwenye karatasi huo ulikuwa ushindi wa Zanzibar. Lakini Sultani Khalifa, aliyemrithi Barghash, alitawala chini ya kivuli cha Konseli wa Uingereza, na kabla ya mwezi huo wa Agosti kwisha akaipa Lamu kampuni ya Mackinnon. Uhuru aliotambuliwa nao Brussels ulidumu wiki mbili tu. Ugomvi nao haukwisha, ukahamia kwenye visiwa jirani vya Manda na Pate.

Uliokata mzizi ulikuwa mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890. Bismarck, Kansela wa Ujerumani, alikuwa ameondoka madarakani Machi, na mrithi wake Caprivi alitaka mambo yatulie na London. Ujerumani ikaacha Witu, ikakubali Unguja na Pemba ziwe chini ya himaya ya Uingereza, na yenyewe ikapewa Heligoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini. Mengine yaliyomo katika mkataba huo, pamoja na mipaka ya bara, yanahitaji makala yake.

Witu hawakuulizwa. Simba alikuwa amekwisha kufariki, na aliyetawala ni Fumo Bakari. Himaya ambayo watu wake waliitafuta tangu 1867 ili wajikinge na Zanzibar ilifutwa kwa kalamu, na wakakabidhiwa kwa dola ile ile iliyomlinda Sultani wa Zanzibar. Ni vigumu kuyaelewa yaliyofuata bila kuyaweka hayo mbele. Septemba 1890 Mjerumani Andreas Küntzel alifika Witu na wenzake kwa biashara ya mbao. Walinyang'anywa silaha, ugomvi ukazuka langoni, risasi zikafyatuliwa, naye akauawa pamoja na Wajerumani wenzake kadhaa. Mwezi uliofuata Admirali Fremantle akashuka na askari wa manowari za Kiingereza. Vijiji vilichomwa, na mwisho mji wa Witu wenyewe ukatiwa moto. Fumo Bakari alikimbilia Jongeni msituni, akafariki mwanzoni mwa 1891.

Ndugu yake Fumo Omari aliendeleza vita. Mwaka 1893, kampuni ya Mackinnon ilipoishiwa na kujiondoa Witu, majeshi ya Kiingereza yalirudi kuvunja maboma ya Pumwani na Jongeni. Bandari iliyogombewa kwa nguvu zote hizo haikupata kitu: reli iliyoanza kujengwa mwaka 1896 ilitokea Mombasa, na Tana haikuwa njia ya kwenda Uganda kamwe. Ghuba ya Manda ilisubiri meli kubwa mpaka Mei 2021, gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilipozinduliwa.

Sisi tunaotunza kumbukumbu tuna upungufu mkubwa katika habari hii. Barua za mabalozi na ripoti za manowari zimehifadhiwa vizuri London na Berlin. Kilichoandikwa na watu wa Witu wenyewe, kwa herufi za Kiarabu, ni haba. Familia za Lamu, Pate, Witu, Kipini na Mkunumbi zenye barua za mababu, hati za mashamba, tenzi au silsila zinaombwa zisizitupe wala kuziuza kwa wapita njia. Zipelekwe zinakiliwe kwenye makumbusho au ofisi ya nyaraka iliyo karibu, kisha zirudi nyumbani kwa wenyewe. Hata ukurasa ulioliwa na mchwa nusu unafaa.