Kidonge cha Dawa Kinga Hakiondoi Haja ya Kondomu

Tangu dawa kinga dhidi ya VVU, ambayo wengi wanaijua kwa jina la PrEP, ianze kutolewa katika vituo vya afya nchini Tanzania, wanawake wanaouza ngono wamekuwa wakilalamika kwamba mteja akishajua kuwa mwenzake anameza kidonge, hukataa kondomu au huongeza dau ili asiivae. Ni kweli kwamba kidonge hicho, kikimezwa kila siku, hupunguza sana uwezekano wa kuambukizwa VVU, ingawa mwanamke anapaswa kukimeza kwa angalau siku 7 kabla ya kukitegemea. Hakizuii kaswende, kisonono wala mimba.

Inasikitisha kwamba hadi leo wapo wanaovaa kondomu mbili kwa pamoja, ilhali zikisuguana hupasuka kwa urahisi, na wanaopaka mafuta ya mgando au losheni, ambayo hudhoofisha mpira. Wapo pia wanaokisia kama mteja ana VVU kwa kutazama unene wake na usafi wa mavazi yake, jambo ambalo halina maana yoyote. Kondomu ya kike, ambayo haiulizwi vya kutosha, inaweza kuvaliwa hadi saa 8 kabla ya tendo, yaani kabla mteja hajafika na kabla mabishano hayajaanza.

Kondomu ikipasuka, ikivuliwa kwa siri, au mwanamke akilazimishwa kufanya ngono bila kinga, afike kituo cha afya mara moja, kwa kuwa dawa za PEP, yaani zile za kuzuia maambukizi baada ya mtu kukumbana na hatari ya VVU, huanzishwa ndani ya saa 72 tu, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Atapewa ushauri nasaha na kupimwa VVU. Asipokutwa na maambukizi atapewa dozi ya siku 28 ambayo hairuhusiwi kukatizwa hata akijisikia mzima, kisha atapimwa tena hadi miezi 3 itimie. Akikutwa tayari anaishi na VVU, hapewi PEP bali huanzishiwa ARV, yaani dawa za kufubaza virusi. Anayekuja siku ya nne akidhani amewahi, sisi wahudumu wa afya tunabaki na kumpima na kumfuatilia tu, na hilo linatuumiza.

Wapo wanaoogopa kuja kwa kudhani kwamba majibu yao yatapelekwa polisi. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inataka majibu ya kipimo yawe siri, na marekebisho ya mwaka 2019 yaliruhusu mtu kujipima mwenyewe, ila kipimo hicho kikionyesha maambukizi ni lazima kithibitishwe kituoni. Sheria hiyo hiyo inamwadhibu anayemwambukiza mwenzake kwa makusudi kwa kifungo kisichopungua miaka 5 na kisichozidi miaka 10, na wateja wasijidanganye kwamba iliandikwa kwa ajili ya wanawake peke yao: inamhusu kila mtu, akiwemo anayelipa.