Kuona ruta si kusajiliwa na ruta

Juzi kijana ninayefanya naye kazi hapa Bukavu alinipigia simu kutoka kwenye chumba cha baridi cha mteja, kule Kadutu. "Mukubwa, vipima-joto vyote viko konekte. Vimeshaona ruta." (Ruta ni mashine inayopitisha ujumbe kati ya vifaa hivyo na mtandao.) Nikamuuliza kama vimesajiliwa. Akasema, "Si ni kitu kimoja?" Jibu hilo nimelisikia hata kwa mafundi wa miaka mingi, ndiyo maana nimeona niliandikie.

Nianze na maana. Katika mitandao ya redio ya umeme mdogo, ile ya vifaa vya betri vinavyotumia IPv6 (utaratibu wa anwani za intaneti) kupitia 6LoWPAN (njia ya kuubana uingie kwenye redio ndogo), kifaa kikiamka huuliza hewani: kuna ruta hapa? Ruta hujibu na kukipa kianzio cha anwani za mtandao. Huo ni ugunduzi. Kisha kifaa hujiundia anwani, huipeleka kwa ruta pamoja na namba yake ya utambulisho ya biti 64, na huomba kuwekwa kwenye orodha kwa muda fulani. Ruta hurudisha namba: 0, nimekubali, 1, anwani hiyo ina mwenyewe, 2, orodha imejaa. Huo ni usajili. Kanuni zake zilitolewa mwaka 2012 katika RFC 6775 (RFC ni hati za kanuni za intaneti), zikarekebishwa mwaka 2018 katika RFC 8505.

Maneno yenyewe yanatufundisha tofauti. Kugundua ni tendo la mtu mmoja: unamgundua mwizi naye hana habari, unagundua kosa kwenye hesabu wala kosa halikukubali. Sajili ni neno la namna nyingine. Limetoka katika Kiarabu, kwenye sijili, yaani daftari au hati rasmi, na Waarabu nao walilipata kupitia Kigiriki kutoka kwa Warumi, ambao sigillum kwao ni muhuri mdogo. Kwa hiyo ndani ya usajili kuna muhuri, na muhuri hushikwa na mwenye daftari. Mtu hawezi kujipigia muhuri mwenyewe. Mgeni akiingia kwenye avenyu yetu, siku ya kwanza tu ataonyeshwa nyumba ya shefu wa nyumba kumi; lakini kuijua nyumba ya shefu hakujaliweka jina lake kwenye daftari ya shefu.

Na daftari hiyo haikuwekwa kwa urembo. Katika utaratibu wa kawaida wa IPv6, RFC 4861 ya mwaka 2007, ruta ikitaka kumfikia jirani isiyemjua hutangaza kwa kundi: nani mwenye anwani hii? Kifaa cha betri hakiwezi kuitikia, kwa sababu muda mwingi redio yake imezimwa. Ndiyo maana kwenye mitandao hii kelele hiyo imeondolewa, na ruta inategemea orodha yake. Asiyekuwemo hatafutwi.

Turudi Kadutu. Usiku wa kuamkia siku ya simu ile umeme ulikatika. Ruta yetu haikuwa inahifadhi orodha kwenye kumbukumbu ya kudumu, basi umeme uliporudi iliamka na daftari tupu. Vipima-joto vina betri zake, havikujua lolote. Tulikuwa tumeviombea usajili wa siku saba, vikaendelea kuhesabu siku zake kwa amani. Kijana alipofungua kompyuta asubuhi aliona kila kimoja kinalisikia tangazo la ruta, na vipimo vinapanda kwenda kwenye seva kama kawaida. Ila agizo la kubadilisha kiwango cha tahadhari lilishuka mpaka kwenye ruta likafia hapo, kwa kuwa ruta haikumjua wa kumpelekea. Saa mbili nzima alikuwa anabadilisha antena.

Muda wa usajili huhesabiwa kwa dakika, na mwisho wake ni dakika 65,535, siku 45 na nusu hivi. Ukiuomba mrefu unaokoa betri, lakini kosa kama letu linakaa muda huohuo bila kujirekebisha. Siku saba zilikuwa nyingi kwa mtaa ambao umeme unakatika kila juma. Nilizichagua mimi, na sasa tumeweka saa mbili.

Kwa hiyo, kijana wangu, "vimeona ruta" ni habari njema, nami sikukatazi kuisema. Ila ukiisha kuisema, fungua orodha ya ruta, si skrini ya kipima-joto, utafute anwani ya kila kimoja na dakika zilizobaki. Ukinipigia tena, nisomee hizo dakika.