Mpako wa polima si sifongo: dhana potofu kuhusu kunasa kemikali

Mama mmoja muuza samaki katika mwalo wa Ggaba, Kampala, aliniletea maji ya Ziwa Viktoria kwenye chupa ya plastiki ya soda. "Mwanangu, yananuka kama shamba lililonyeshewa. Nipimie, nijue yana nini." Nikamwonyesha kifaa nitakachotumia: sindano ambayo ndani yake mna uzi wa kioo uliopakwa polima (kitu cha jamii ya plastiki na mpira), sehemu iliyopakwa ikiwa na urefu wa sentimita 1 tu. Akautazama kwa mashaka. "Hicho kiunywele ndicho kitafyonza uchafu wote humu?"

Swali lake nalisikia pia kutoka kwa wanafunzi wanaokuja maabara, na kwao naona ni la hatari zaidi, kwa sababu wao ndio watakaoandika ripoti.

"Mpako hufyonza kila kilichomo."

Haufanyi hivyo, wala haukuundwa kwa kazi hiyo. Mpako wa polidimethilisiloksani, jamii ya silikoni, wenye unene wa mikromita 100 una ujazo wa takriban mikrolita 0.6. Tone moja la maji lina ujazo wa mipako kama 80 ya aina hiyo. Kemikali hugawanyika kati ya maji na mpako mpaka pande mbili zitulie. Tuseme kemikali fulani inaupendelea mpako mara 100 kuliko maji, na sampuli ni mililita 10. Ukipiga hesabu, mpako unapata asilimia 0.6 tu. Ikiupendelea mara 10,000, unapata asilimia 37 hivi.

Watu wakisikia asilimia 0.6 hudhani kipimo ni kibovu. Lakini kinachotufaa ni ule mgawanyo wenyewe, ambao haubadiliki mradi joto, chumvi, muda na kukoroga visibadilike. Tunapitisha maji yenye kiwango cha kemikali tunachokijua katika njia ileile, kisha tunalinganisha. Janusz Pawliszyn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walilichapisha wazo hili mwaka 1990, na kwangu mimi uzuri wake haujachuja: hakuna kumwaga viyeyushi vyenye sumu. Uzi unaingizwa moja kwa moja kwenye mashine ya kromatografia ya gesi, inayotenganisha kemikali zikiwa mvuke, na joto la nyuzi 250 hivi linaachisha kilichonaswa.

Tena kuna jambo linalowashangaza wengi. Kwa kemikali inayonaswa kidogo hivyo, kuongeza maji hakuongezi mavuno. Chovya kwenye mililita 10, chovya ziwani penyewe. Mpako ukipewa muda wa kutosha, unabeba karibu kiasi kilekile.

"Mpako mnene ndio bora."

Unabeba zaidi, ndiyo, ila unachelewa kutulia, na kemikali nzito huachia kwa shida ndani ya mashine. Kwa hizo kuna mpako wa mikromita 7.

"Kisichoonekana kwenye majibu hakimo."

Hapa ndipo ninapopoteza usingizi. Kila mpako una kile unachokipenda. Silikoni hupenda vitu vinavyoyakimbia maji, kama DDT, dawa ya wadudu iliyopulizwa majumbani Apac na Oyam, kaskazini mwa Uganda, mwaka 2008 kupambana na malaria. Glifoseti, dawa ya magugu ambayo wakulima wengi wanaijua, huyapenda maji mno. Silikoni itaipita kama haipo. Na ule unga mweupe kwenye nyanya za sokoni, ambao mara nyingi ni mankozebu, dawa ya ukungu? Huo hauyeyuki vizuri wala haugeuki mvuke. Kawaida huvunjwa kwa asidi, kisha hupimwa gesi ya kaboni disulfidi inayotoka. Kwa hiyo fundi akikwambia "sikukuta dawa" bila kutaja alitumia mpako gani na alitafuta nini, bado hajakujibu. Muulize tena.

Harufu ya udongo ina njia yake. Mara nyingi chanzo ni jiosmini, inayotengenezwa na sianobakteria, wale wanaotia rangi ya kijani maji ya Ghuba ya Murchison, hapo hapo karibu na Ggaba. Pua ya binadamu huinasa hata ikiwa nanogramu 10 hivi tu kwa lita. Tunatia chumvi nyingi, tunapasha maji moto kiasi, na uzi tunauning'iniza hewani juu ya maji badala ya kuuchovya. Mpako wenyewe ni wa mchanganyiko: silikoni, divinilibenzeni na kaboni yenye vinyweleo.

"Kila kilele kwenye chati ya mashine kimetoka kwenye sampuli."

Polima nayo huchoka kwa joto na kumwaga vipande vyake. Ukiona ioni (vipande vyenye chaji ya umeme, vinavyotambuliwa kwa uzito wake) za 73, 207 na 281, shuku silikoni ya kifaa chako kwanza, kabla ya kuandika kwamba ziwa lina silikoni. Kabla ya sampuli pitisha uzi mtupu, na baada yake pia, maana masalia ya jana huweza kujitokeza leo.

Yule mama nilimrudisha bila majibu. Ile chupa ya soda nayo ni polima: tangu asubuhi ilikuwa ikigawana harufu na maji, kama uzi wangu unavyofanya, na sikuwa na njia ya kujua imechukua kiasi gani. Nilimpa chupa safi ya kioo, nikamwomba aijaze hadi mdomoni, asiache hewa, kisha aifunge na kuiweka kwenye barafu ya samaki wake. Kesho yake saa mbili asubuhi alikuwa mlangoni, chupa imejaa pomoni.